Wanaolilia jengo la Bell Labs wamesahau mkataba

Mwishoni mwa 2023 Nokia ilitangaza kwamba maabara yake ya utafiti, Bell Labs, itahama Murray Hill, New Jersey, ilikokaa tangu 1941, na kwenda kwenye jengo jipya mjini New Brunswick ifikapo 2028. Tangu hapo maombolezo hayajakatika, na yana sababu. Murray Hill ndiko ilikozaliwa mwaka 1947 transista, kifaa kidogo cha kukuza na kuwasha au kuzima mkondo wa umeme, na ndiko Ken Thompson na Dennis Ritchie walikoandika Unix, mfumo wa kuendesha kompyuta, na lugha ya programu ya C, ambazo uzao wake umo ndani ya karibu kila simu ya mkononi inayouzwa leo. Pamoja na maombolezo hayo limekuja wazo la pili, kwamba mrithi amekwishapatikana: kampuni kubwa za akili mnemba, zenye mabilioni ya dola na wanasayansi wa kila fani, ambazo serikali zikiacha kuzibana zitatuletea transista ya karne hii.

Naona yote mawili, kilio na matumaini, yametokana na kuisoma historia nusu. Bell Labs ilikuwa zao la mkataba kati ya kampuni ya AT&T na umma wa Marekani. Kampuni ilipewa ukiritimba wa simu pamoja na mapato ya uhakika; nayo ikabanwa na sheria, mara kwa kutishwa, mara kwa kuburuzwa mahakamani, iyatoe maarifa yake kwa wengine, hata washindani. Pesa peke yake isingetufikisha hapa tulipo. Sheria peke yake isingekuwa na cha kugawa. Wanaotaka tuige nusu ya kwanza na kuiacha ya pili wanatuuzia kitu ambacho hakijawahi kuwepo.

Tuanze na pesa. Theodore Vail alipokabidhiwa AT&T mwaka 1907, miji mingi ya Marekani ilikuwa na kampuni mbili au zaidi za simu zisizounganishwa, kiasi kwamba mwenye duka alilazimika kuwa na simu mbili ili awapate wateja wake wote. Vail akaja na kaulimbiu yake: sera moja, mfumo mmoja, huduma kwa wote. Kwa lugha ya wazi aliiambia serikali, tuacheni tutawale, nasi tutakubali mtusimamie. Mwaka 1913, kesi ya kuvunja ukiritimba ilipokaribia, AT&T iliahidi kuachana na kampuni ya telegrafu ya Western Union na kuziruhusu kampuni ndogo ziunganishwe kwenye laini zake za masafa marefu. Tarehe 1 Januari 1925 shughuli zake za uhandisi zikakusanywa kuwa Bell Telephone Laboratories, makao yakiwa 463 West Street, Manhattan; nusu ikimilikiwa na AT&T yenyewe na nusu na Western Electric, mkono wake wa viwanda. Kampuni za simu za majimboni zilikatwa asilimia ya mapato yao kwenda makao makuu, na humo ndimo utafiti wa msingi ulimopata fungu lake. Tume za serikali zilipopanga bei ya simu, zilihesabu utafiti kuwa gharama halali ya huduma. Mama wa Ohio aliyelipa bili yake kila mwezi alikuwa anamlipa mwanafizikia wa New Jersey bila kujua, na mwanafizikia huyo hakuhitaji kumwahidi mtu yeyote faida ya robo mwaka ijayo.

Kuna jambo jingine kuhusu pesa hiyo ambalo halisemwi vya kutosha. AT&T ilimiliki kila kitu, kuanzia kebo za masafa hadi simu yenyewe iliyokaa sebuleni kwa mteja, kwa kuwa mteja aliikodi tu. Simu ikiharibika, hasara ya kampuni. Nguzo ikioza, hasara ya kampuni tena, na nguzo ilitakiwa kusimama kwa miongo. Ndiyo maana huko Chester, New Jersey, maabara ilikuwa na uwanja wa wazi ambako nguzo za mbao zilisimikwa ardhini na kuachwa miaka na miaka ili ijulikane dawa ipi ya mbao inadumu. Ndiyo maana Walter Lincoln Hawkins, mkemia aliyekuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuajiriwa katika safu ya wanasayansi wa maabara hiyo mwaka 1942, aliweza kujikita katika kutafuta plastiki ya kufunika kebo isiyopasuka kwa jua na mvua. Karl Jansky alipewa kazi ya kutafuta chanzo cha mikwaruzo katika simu za redio za kuvuka Atlantiki. Mwaka 1933 akatangaza kwamba sehemu ya kelele hiyo inatoka katikati ya galaksi yetu, na elimu ya falaki ikapata tawi jipya. Daryl Chapin alianza na shida ndogo zaidi: betri kavu za mitambo ya simu ziliharibika upesi katika maeneo ya joto na unyevunyevu. Aprili 1954 yeye, Calvin Fuller na Gerald Pearson walionyesha seli ya silikoni iliyogeuza takriban asilimia 6 ya mwanga wa jua kuwa umeme. Paneli inayochaji simu leo Turkana au Sengerema ni kizazi cha seli ile. Husemwa kwamba watu hawa walipewa uhuru wa kufanya wapendalo. Wachache, ndiyo. Lakini wengi walipewa matatizo ya kweli ya mtandao mkubwa, na muda wa kuyafuata hadi yanakoishia, hata yakiishia nje ya sayari hii.

Upande wa pili wa mkataba unaonekana vizuri katika transista. Desemba 1947 Walter Brattain alibandika karatasi ya dhahabu kwenye pembetatu ndogo ya plastiki, akaichana nchani kwa wembe ili pabaki ufa mwembamba mno, kisha yeye na John Bardeen wakaikandamiza kwa springi juu ya kipande cha germani, elementi inayopitisha umeme nusunusu. Mkondo mdogo wa umeme ulioingia upande mmoja ukatoka umekuzwa upande wa pili. Wiki chache baadaye William Shockley, mkuu wa kundi lao, akabuni muundo ulio imara zaidi. Kampuni iliyoachwa huru ingekifungia kifaa kama hicho na kuitoza dunia hadi hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ife. AT&T ilifanya kinyume. Aprili 1952 iliwakaribisha wawakilishi wa kampuni zipatazo 40, kila moja ikiwa imelipa dola 25,000 kama kianzio cha mrabaha, ikawafundisha kwa zaidi ya wiki moja jinsi transista inavyotengenezwa, ikawapeleka hadi kiwandani Allentown, Pennsylvania, na masomo yale yakachapwa katika majuzuu ambayo wahandisi waliyabandika jina la kitabu cha mapishi cha Mama Bell, Mama Bell likiwa jina la utani la kampuni hiyo. Texas Instruments ilikuwa miongoni mwa wanafunzi hao. Kampuni changa ya Tokyo, ambayo baadaye ilijiita Sony, ilichukua leseni muda mfupi baada ya hapo kwa bei ileile. Watengenezaji wa vifaa vya kusaidia kusikia walisamehewa mrabaha, kwa kumuenzi Alexander Graham Bell aliyekuwa mwalimu wa viziwi.

Ukarimu huo haukushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1949 Wizara ya Sheria ya Marekani ilikuwa imefungua kesi ikitaka Western Electric itenganishwe na AT&T, na kampuni yenye kesi ya namna hiyo shingoni haithubutu kuonekana imekalia uvumbuzi mkubwa kuliko wote wa enzi yake. Kesi iliisha Januari 1956 kwa makubaliano yaliyothibitishwa na mahakama. AT&T ilibaki na kiwanda chake. Lakini hataza zake zilizokuwepo, karibu 8,000, zikawa za kutolewa leseni bila mrabaha kwa karibu kila kampuni ya Marekani iliyoziomba, na AT&T ikazuiwa kufanya biashara nje ya huduma za mawasiliano zinazodhibitiwa. Wakosoaji wa siku zile walisema serikali imelegea, na kwa upande mmoja walikuwa sahihi, kwa kuwa soko la simu lenyewe lilibaki limefungwa. Ila wanauchumi waliokuja kuzifuatilia hataza zile walikuta kwamba uvumbuzi uliojengwa juu yake uliongezeka kwa muda mrefu, hasa mikononi mwa kampuni changa na ndogo, na nje ya sekta ya simu. Unix nayo ni tunda la makubaliano hayo. AT&T ikiwa imezuiwa kuingia katika biashara ya programu, miaka ya 1970 iliigawa Unix kwa vyuo vikuu kwa ada ndogo pamoja na msimbo wake, na wanafunzi wa Berkeley wakaipanua kuliko walivyodhani waliowaachia mbegu. Fikiria hilo kidogo: mfumo ambao kompyuta nyingi za dunia zinafuata mtindo wake ulisambaa kwa sababu mwenye nao alikatazwa na sheria kuuchuma.

Sasa tuziangalie hoja zinazopingana na hii. Dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa kuliko zote: kwamba siri ilikuwa jengo. Tunaambiwa korido za Murray Hill zilikuwa ndefu kwa makusudi ili mwanakemia asifike kantini bila kukutana na mwanahisabati, na kutokana na kukutana huko mawazo yakazaa mawazo. Mervin Kelly, aliyeiongoza maabara miaka ya 1950, kweli alitaka watu wa fani mbalimbali wakae pamoja, na sina sababu ya kudharau busara hiyo. Lakini Clinton Davisson alifanya West Street, ndani ya jengo la zamani la Manhattan, jaribio lililompatia Nobel ya 1937. Arno Penzias na Robert Wilson walisikia mnong'ono wa mwanzo wa ulimwengu kwa antena iliyosimama kilimani Holmdel. Na korido za Murray Hill zilikuwa palepale mwaka 2008 wakati Alcatel-Lucent, mmiliki wa wakati huo, ilipoamua kuachana na utafiti wa fizikia ya msingi. Kuta hazikubadilika, kilichobadilika ni nani analipa na anataka nini kama malipo. Kwa hiyo safari ya kwenda New Brunswick, mji wenye Chuo Kikuu cha Rutgers, sioni kwa nini iwe msiba. Msiba ulikwishatokea, na tarehe yake tunaijua.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Inasema: umekiri mwenyewe kwamba pesa ya ukiritimba ndiyo iliyolipa kila kitu, kwa hiyo anayevunja ukiritimba anavunja maabara. AT&T ilishtakiwa tena 1974, ikakubali kugawanywa mwaka 1982, na tarehe 1 Januari 1984 kampuni saba za mikoa zikajitenga nayo. Kilichofuata kinaonekana kama ushahidi: maabara ikapewa Lucent mwaka 1996, hisa za Lucent zikaporomoka tangu 2000, kampuni ikaunganishwa na Alcatel ya Ufaransa 2006, na yote yakaishia kwa Nokia ya Finland mwaka 2016. Sitaki kulipuuza hili. Kampuni inayoshindana na nyingine kwa bei haiwezi kumlipa mtu miaka kumi kwa swali lisilo na tarehe ya jibu, na tangu 1984 Marekani haijapata taasisi binafsi ya simu yenye uvumilivu ule.

Ila watetezi wa hoja hii hawasemi ukiritimba uleule ulifanya nini pale uvumbuzi ulipougusa wenyewe. Kulikuwa na kikombe kidogo kilichoitwa Hush-A-Phone, cha kupachika kwenye simu sehemu ya kusemea ili jirani asisikie unachozungumza. Hakina waya wala umeme. AT&T ilikipiga marufuku kwa madai kwamba kinaharibu mtandao, mamlaka ya mawasiliano ikaiunga mkono, na ilibidi mahakama ya rufaa iingilie mwaka 1956 ili mtu aruhusiwe kuweka kikombe kwenye simu anayoilipia. Hadi 1968, katika uamuzi wa Carterfone, ndipo vifaa vya watu wengine vilipofunguliwa njia ya kuunganishwa na laini zake, na bila uamuzi huo modemu zilizowaingiza watu wa kawaida kwenye intaneti zisingekuwa na pa kuchomekwa. Paul Baran alipopendekeza mtandao wa kutuma ujumbe kwa vipande mwanzoni mwa miaka ya 1960, AT&T ilimwambia hautafanya kazi; ndio msingi wa mitandao ya leo. Wazo la simu za seli, yaani za mkononi, liliandikwa ndani ya Bell Labs mwaka 1947, na huduma ya kulipia kwa wananchi wa Marekani ilianza Chicago 1983. Hapo lawama haiiangukii AT&T peke yake, kwa kuwa serikali nayo ilichelewa sana kugawa masafa. Hata hivyo mfano unabaki uleule: maabara ilivumbua kwa ajili ya mtandao uliopo, na mwenye mtandao aliupinga kila uvumbuzi uliotishia kuubadili. Matunda makubwa ya Bell Labs yalikomaa mikononi mwa watu wa nje, na walio nje waliyapata kwa nguvu ya sheria. Hata Shockley ilibidi aondoke, aanzishe kampuni Mountain View, na wanane kati ya waajiriwa wake wamkimbie mwaka 1957 kuunda kampuni ya Fairchild, ndipo bonde lile la California liitwalo Silicon Valley likawa kitu.

Hapo tunafika kwa wakubwa wa leo. Ulinganisho wenyewe si wa kupuuza. Watafiti wanane wa Google walichapisha mwaka 2017 muundo wa akili mnemba uitwao transfoma, unaoendesha karibu mifumo yote mikubwa ya lugha, na yeyote aliyetaka aliusoma. Demis Hassabis na John Jumper wa Google DeepMind walipata Nobel ya Kemia 2024 kwa kazi ya kutabiri maumbo ya protini, na maumbo hayo yamewekwa wazi kwa kila mwanasayansi duniani. Anayesema kampuni hizi hazitoi kitu hasemi kweli. Tatizo ni kwamba zinatoa zikipenda, na zisipopenda zinafunga. Kampuni ya OpenAI ilipotoa ripoti ya kitaalamu ya mfumo wake wa lugha, GPT-4, mwaka 2023, iliacha kutaja ukubwa wa mfumo, data ulizofundishiwa na muundo wake, na ilisema wazi kwamba ushindani ni mojawapo ya sababu. Weka ripoti hiyo karibu na darasa la transista la 1952. Wahandisi wa Bell walieleza hadi namna ya kusafisha germani. Hawakuwa watu wema kuliko wa leo. Kampuni yao ilikuwa na mahakama mlangoni.

Kwa sababu hiyo, tukio ninaloliona kubwa kuliko kuhama kwa Murray Hill ni hukumu ya Jaji Amit Mehta mjini Washington. Agosti 2024 aliamua kwamba Google imelinda ukiritimba wake wa utafutaji kinyume cha sheria, na Septemba 2025 akatoa masharti: alikataa kuilazimisha iuze kivinjari chake cha Chrome, ila akaiamuru iwape washindani wanaostahili sehemu ya data zake za utafutaji. Wengi waliosoma habari hiyo walisema Google imenusurika. Mimi naona jaji amechagua njia ya 1956 badala ya ile ya 1984, yaani mwache mkubwa abaki mkubwa, umlazimishe kufungua ghala. Kama masharti hayo yatakuwa mapana ya kutosha ni swali jingine, na nina wasiwasi, kwa kuwa ya 1956 yaligusa karibu kila hataza ya kampuni na haya yanagusa kipande. Lakini mtu anayetaka kujua kama karne hii itapata kitu cha mfano wa transista atapata zaidi kwa kufuatilia rufaa za kesi kama hizi kuliko kwa kuhesabu mabilioni yanayowekwa kwenye vituo vya data.

Na sisi Afrika Mashariki hatuko mbali na mkataba huo kama inavyodhaniwa. Maneno ya Vail, huduma kwa wote, yamo ndani ya sheria zetu. Tanzania ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, Kenya ina mfuko wa aina hiyohiyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na yote miwili hukusanya michango kutoka kwa kampuni za simu, maana yake kutoka kwa kila anayenunua vocha. Kazi yake kubwa imekuwa kupeleka mawasiliano kule ambako biashara pekee isingefika, hasa minara vijijini, na kazi hiyo ni ya lazima. Ila tumechukua nusu ya mkataba wa Marekani, ile ya kufikisha mtandao, tukaiacha ile iliyotumia pesa ya mpiga simu kulipia maarifa. Mtandao wetu una matatizo yake ya kweli ambayo hakuna mhandisi wa Stockholm au Shenzhen atakayeyapa kipaumbele: betri za minara zinazokufa mapema kwa joto la Lodwar, mashine ambazo bado hazimwelewi mzungumzaji wa Kisukuma au Kiluo, utapeli wa pesa kwa simu unaobadilika kila wiki. Mabunge yetu yanaweza kutenga sehemu ndogo ya mifuko hiyo kwa watafiti wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Nairobi, kwa muda mrefu kuliko bajeti ya mwaka mmoja, na kwa sharti lililoandikwa ndani ya sheria yenyewe kwamba matokeo yote yatakuwa wazi kwa kampuni yoyote ya hapa itakayotaka kuyatumia. Sharti hilo liwekwe siku ya kwanza, kabla fedha haijatoka, maana Wamarekani ilibidi wafungue kesi ili walipate.